Hadithi za Mchana

Kwetu Likasi, mji wa migodi ya shaba, kila mtoto anajua: hadithi za mazimwi husimuliwa jua likishatua. Anayezisimulia mchana anajiitia kifo. Hata sisi watukutu wa mtaa, ambao hatukuogopa fimbo wala katekista, mwiko huo hatukuugusa.

Basi fikiria hofu yangu mwaka ule tanuri za kiwanda cha shaba zilipozimwa. Baba aliendelea kwenda kazini kwa miguu, kufanya nini sijui, maana mshahara ulikuwa umebaki jina. Mdogo wangu wa kike akashikwa na surua. Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja na kabati tupu. Mama akamrudisha nyumbani, akamlaza mkekani, na jua likiwa utosini akaanza kusimulia.

Zimwi la shimo la shaba lilikuwa limemeza mtoto, na mama yake akateremka kumkomboa. Zimwi likataka nywele zake, akalipa. Kesho yake likataka meno, akalipa. Kisha likataka sauti, na sehemu hiyo mama aliisimulia kwa kunong'ona. Mdogo wangu alifumbua macho asikie. Mimi nilikaa mlangoni nimeziba masikio, nimekasirika, nikiamini dhiki imemvuruga mama akili. Nilikitazama kifua cha mama, si cha mgonjwa, kama bado kinapanda na kushuka.

Bibi, mzaa baba, aliingia na bakuli la uji akamkuta mama katikati ya hadithi.

"Mwana wangu, uko wazimu? Hadisi muchana! Unataka kufa?"

"Najua, mama," mama akajibu bila kugeuka. "Njo maana niko nasema muchana. Lufu ikuye, inibebe miye. Iache mutoto."

Bibi aliposikia kifo kikiitwa hivyo, aliketi sakafuni, bakuli mkononi. Hakumkataza tena. Mimi nilitoka nje nikalia kwa hasira. Alikuwa akijitoa kwa ajili ya mmoja wetu, na hakuna aliyeniuliza kama nataka kubaki bila mama. Nilimpenda mdogo wangu, lakini mchana ule nilimchukia.

Hadithini, siku ya mwisho zimwi lilidai uhai. Nilikuwa nimerudi ndani, nimemshika mama kanga yake kwa mikono miwili, kana kwamba kifo kingeshindwa kumvuta. Akavuta pumzi ili amalize. Kabla hajatamka neno, mdogo wangu alikuwa ameshakata roho.

Mama hakusimama. "Akalipa," alisema. "Akalipa uhai wake. Akalipa. Akalipa." Alirudia vile mpaka bibi akamfunika kinywa kwa kiganja.

Nilimsubiri mama afe. Mvua zikaja, mahindi yakaiva, mama akaendelea kutwanga.

Yuko hai mpaka leo, kikongwe mwenye meno yote. Wageni wakimwambia Mungu amempenda kumpa maisha marefu hivi, anawageuzia mgongo.