Changizo la Njia ya Adu

Siku ile mvua iliponikuta kwenye njia ya Adu naikumbuka vyema, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa kijana wa Shella ya Malindi, mjuaji kupita kiasi. Mama aliuza vipuli vyake vya dhahabu akanipa mtaji, ninunue mahindi Adu, kulikokuwa na bei rahisi, niyauze Malindi, kulikokuwa ghali.

Sisi wachuuzi tulikuwa na changizo. Wahindi wenye maduka waliliita bima. Wakati wa kwenda, kila mtu alipitia Mambrui, kijiji cha njiani, kwa Bi Zuhura, mtunza fedha wetu, akatoa mchango wake. Mahindi yakipotea njiani, mwenyewe alifidiwa. Anayenunua Mambrui papo hapo alitoa robo rupia kwa gunia. Wa Adu alitoa nusu. Mimi nikaona huo ni uonevu mtupu. Mahindi si ni yale yale! Nikamwambia Bi Zuhura kwamba yangu nanunua Mambrui, nikatoa robo robo, nikaenda zangu nikijiona mjanja.

Wakati wa kurudi mvua ilinyesha, korongo linalokata njia likafurika, maji yakamzoa punda wangu na magunia mawili, mtaji wote. Nilifika kwa Bi Zuhura nimelowa chapachapa.

"Shikamoo, bi. Punda wangu kachukuliwa na maji, na mahindi yote."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Maji ya wapi?"

"Ya korongo la njia ya Adu."

Alifungua daftari lake la changizo. "Huku kwetu hakuna korongo la kuzoa punda, ndiyo maana tunatoa robo. Nikikulipa wewe, hao wa Adu waliotoa nusu niwaambie nini?"

Sikupata hata pesa moja. Nililia mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu. Akanipimia unga wake mwenyewe nimpelekee mama. Mama hakunigombeza. Alisonga ugali, tukala, na masikio yake yakabaki matupu hadi tulipomzika. Hilo linaniuma mpaka leo.

Basi, mwanangu, ukikuta kitu rahisi hapa na ghali kule, usikimbilie kusema unaibiwa. Uliza kwanza njia ikoje na hasara huwa ngapi. Ukiona kweli unaonewa, sema mbele za watu, upunguziwe au ueleweshwe. Lakini usidanganye, kwani hasara haitakupata peke yako. Mungu akupe riziki ya halali, na wanaokutegemea wasilale njaa kwa ujanja wako.