Mgongo wa Karani na Goti la Bi Futi

Jina lake la kuzaliwa walilikumbuka watu wachache. Wengine wote walimwita Bi Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni tangu anafungua duka mpaka anafunga. Wifi yake alikuwa akisema hata kitandani analala nayo, na kwamba kaka yake, mume wa Bi Futi, ndiye shahidi.

Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na tatu sasa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha chini, mlango barabarani. Cherehani ya miguu aliiweka dirishani ili apate mwanga. Palikuwa na meza ya kukatia iliyochimbika ukingoni kwa mkasi, kioo kirefu chenye ufa, pazia la kubadilishia nguo, na daftari gumu lenye jalada jekundu. Humo daftarini ndimo walimokaa watu: kifua cha huyu, kiuno cha yule, nyonga za fulani ambaye asingependa zijulikane. Mteja wa zamani hakupimwa tena. Alileta kitambaa, akasema anataka nini, Bi Futi akafungua ukurasa wake na kukata.

"Mwili wako naujua kuliko unavyoujua wewe," alikuwa akiwaambia, na kweli nguo zilikaa.

Kisha lile ghala la rangi lililokuwa upande wa pili wa ukuta likahama, pakafunguliwa jimu. Haikuwa moja ya zile jimu za wanaume wenye shingo nene wanaonguruma kama jenereta. Hii ilikuwa ya bei ya chini, ya watu wanaoanza, na ukutani waliandika kwa herufi za kijani: HAPA HATUCHEKANI. Ndani mlikuwa na baiskeli zisizoondoka, mashine za kukimbilia, kamba za kuvuta, vyuma vidogo vilivyovikwa mpira wa rangi, na karibu na mlango kochi moja laini. Kwa maoni ya Bi Futi, kochi hilo lilifanya kazi kuliko mashine zote.

Ushahidi alikuwa nao. Tangu jimu ifunguliwe, watu walimletea nguo wapunguziwe kabla wenyewe hawajapungua.

"Nitolee inchi mbili kiunoni," alisema mama wa duka la dawa.

"Mbona gauni linakukaa?"

"Linanikaa leo. Mwisho wa mwezi ujao litanipwaya."

Bi Futi alipunguza, lakini kitambaa cha ziada hakukikata. Alikikunja kwa ndani na kupitisha mshono wa hatua ndefu, ule usiosumbua kufumua. Mwisho wa mwezi uliofuata gauni lilirudi, akafumua, na likamkaa mama kama zamani.

"Wifi, mwaka mzima sasa," alimwambia wifi yake, aliyekuwa msusi wa nywele na mwanachama wa jimu tangu siku ya kwanza. "Kiuno chako hakijasogea hata upana wa kidole. Mnakwenda kufanya nini humo?"

"Tunatoka jasho."

"Hata jikoni kwangu unatoka jasho, na unaondoka umeshiba."

"Niache nijifurahishe, wifi. Kule hakuna mtu anayenitazama kama unavyonitazama wewe sasa hivi."

Bi Futi angeendelea kucheka hivyo miaka na miaka kama si goti. Goti la kulia, lile la kukanyagia. Lilianza kwa kuuma ngazini, kisha likawa linavimba kila jioni, mpaka ikafika hali ya kushona mshono wa urefu wa mkono, kusimama, kulisugua, ndipo aendelee. Sare za shule zilizokuwa zikimchukua siku mbili zilichukua wiki. Daktari alilibonyeza huku na huku.

"Mama, goti lenyewe si bovu sana," alisema. "Paja ndilo lililolala. Misuli haina nguvu, kwa hiyo goti linabeba kazi peke yake. Fanya mazoezi ya miguu miezi mitatu, kisha urudi nikuone. Bila hivyo, hiyo cherehani ya kukanyaga utaiacha."

Aiache aende wapi? Mumewe aliwahi kumfungia mota ya umeme. Ilikimbia na kitambaa kama imekiiba, ikashona mkono wa gauni pamoja na mfuko, na umeme ulipokatika ikanyamaza siku mbili. Ikafunguliwa na kurudishwa kwenye boksi lake. Miguu ya Bi Futi na mikono yake ilizoeana tangu ana miaka kumi na tisa. Mguu ukiacha, mikono haikujua la kufanya. Kwa hiyo aliposema goti, alikuwa anasema duka.

"Jimu hiyo hapo," wifi yake alimwambia. "Hatua kumi na mbili, nimezihesabu."

"Niende nikawe mwongo wa pili katika ukoo?"

Akabaki na goti lake, akalifunga kitambaa na kujifanya hamnazo.

Sasa, miongoni mwa watu wa daftari jekundu alikuwamo mzee mmoja mstaafu waliyemwita Karani. Miaka arobaini aliinamia meza ya ofisi, na mwishowe mgongo ukachukua umbo la kuinama. Miaka kumi na moja Bi Futi alimkatia mashati kwa namna moja: nyuma refu, mbele fupi. Likivaliwa na mtu aliyeinama, shati la namna hiyo pindo lake linakwenda sawa pande zote. Hiyo ilikuwa siri ya fundi. Karani mwenyewe hakuijua, alijua tu kwamba kwingine mashati yalimpanda mgongoni na kwa Bi Futi hayakumpanda.

Asubuhi moja Karani aliingia amevaa shati alilolichukua juzi yake, jeupe la mistari. Hakusalimu vizuri. Alisimama katikati ya chumba, akageuka upande.

"Bi Futi, umenitia mkia."

Nyuma, pindo lilikuwa limeshuka mpaka chini ya makalio. Mbele lilikuwa limepanda mpaka mkanda unaonekana. Wifi, aliyekuwa anangojea gauni lake, alijaribu kujizuia, akashindwa.

"Nisamehe, mzee," alisema. "Hapa si jimu, hapa tunachekana."

"Umelivuta vibaya," alisema Bi Futi. "Lishushe mbele."

"Nimelivuta kila namna. Mke wangu kalivuta. Umekosea kukata."

Neno hilo halikuwa limewahi kusemwa ndani ya chumba kile. Bi Futi alimvua shati, akalilaza mezani, akafungua daftari, akapima pindo moja baada ya jingine. Hakuna hata robo inchi iliyopotea.

"Shati halina kosa," alisema. "Mwenye kosa ni wewe."

"Mimi nimekosea kuvaa shati?"

"Simama pale."

Kwa mara ya kwanza tangu ampime miaka ile ya nyuma, akampima upya. Kifua kilekile. Tumbo limeongezeka nusu inchi, na hapo Karani akaitazama dari. Kisha akapima mgongo, kutoka mfupa wa shingo kushuka mpaka kiunoni. Umepungua inchi moja na nusu. Mbele, kutoka shingoni kushuka, kumeongezeka. Akapima tena. Akapima mara ya tatu, safari hii bila pupa, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kumtazama mzee mzima kama mgeni aliyebisha hodi. Kwenye kioo, macho ya Karani yalikuwa yanamtazama yeye. Siku zote yalitazama sakafu.

"Mzee, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nakula, nalala."

"Mgongo wako umenyooka."

"Acha mzaha, mama. Nina shati lenye mkia hapa."

"Ndiyo maana lina mkia. Nilimkatia mtu aliyeinama."

Karani aligeuka, akajitazama kiooni. "Nakwenda hapo jirani," alisema, kama anayeungama. "Yule binti kocha ananikalisha, navuta kamba naileta kifuani, naiachia. Mara kumi na tano, napumzika, naanza tena. Mwezi wa saba huu. Tumbo unaliona lilivyo. Wiki hii nilitaka niache, naona ni bure."

"Usiache," alisema Bi Futi.

Wifi aligeuka mzima mzima. "Nani kasema hivyo?"

"Nyamaza, wewe."

Walipoondoka, Bi Futi alikaa na daftari mapajani. Mwaka mzima aliihukumu jimu kwa viuno, kwa sababu viuno ndivyo alivyoletewa. Kumbe kitu kilichotengenezwa humo ndani kimekaa mgongoni mwa mtu, yeye akamkatia shati bila kukiona. Akaandika ukurasa mpya wa Karani. Kisha akalifungua lile goti kitambaa, akalitazama.

Kesho yake alikwenda. Alikuwa na raba za mwanawe na, kwa mazoea, futi shingoni. Alipoingia tu, chumba kizima kilivuta tumbo ndani. Mama wa duka la dawa alichukua taulo akajifunga kiunoni.

"Vua hiyo futi, wifi," alinong'ona msusi. "Unaua watu."

Kocha alikuwa msichana mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Alimkalisha Bi Futi kwenye baiskeli, akamwambia aende taratibu, asijilazimishe. "Safi sana, mama," alisema, na wakati huo Bi Futi alikuwa bado anatafuta pa kuweka mguu.

Mwezi ukapita hivyo, na lazima isemwe ulikuwa mwezi mzuri. Bi Futi aliona mambo ambayo kwake yasingeonekana. Aliona wanawake ambao wasingethubutu kukimbia barabarani hata wakifukuzwa, wakitembea kwenye mashine vichwa vikiwa juu. Hakuna aliyewatolea macho. Kama ingekuwa jimu ya wale wa shingo nene, yeye mwenyewe angeishia mlangoni. Lakini aliona na jingine. Watu wakipiga soga dakika ishirini kwa dakika tano za kuvuta. Vyuma vyepesi vikinyanyuliwa leo, kesho na mtondo, vilevile, na kila mara "safi sana". Yeye na mama wa duka la dawa walikanyaga baiskeli polepole wakizungumza habari za watoto, na jioni goti lilivimba kama kawaida.

Siku moja alimvuta Kocha pembeni.

"Mwanangu, unanisifu kabla sijafanya kitu. Mimi mteja wangu nikimwambia amependeza na nguo haijamkaa, namdanganya."

Kocha aliinamisha kichwa. "Mama, mwenye jimu ndivyo anavyotaka. Wanaoanza wakibanwa wanakimbia. Wiki ya pili huwaoni."

"Mimi duka langu liko nyuma ya ukuta huu. Nitakimbilia wapi?"

Msichana alicheka, kisha akaacha kucheka. Akauliza daktari alisema nini hasa. Alipoambiwa, alipanga magodoro membamba ya mazoezi, sita, moja juu ya jingine, yakawa kama kigoda.

"Kaa, halafu simama. Bila mikono. Mara kumi. Sita yakiwa mepesi, tunaondoa moja."

Sita yalikuwa mepesi. Matano yalimtoa jasho. Kwenye manne, paja lilitetemeka, akasimama akiwa na macho mekundu, akangoja. Ile "safi sana" haikuja.

"Vipi?" aliuliza Bi Futi.

"Umejisukuma kwa mkono."

"Kidogo tu."

"Umejisukuma, mama. Hiyo siihesabu."

Kocha huyu aliyeacha kusifu hakumpendeza Bi Futi hata kidogo, na alirudi kwake kila asubuhi. Wiki moja alikwama kwenye manne siku tano mfululizo. Siku ya sita alijaribu mara mbili akashindwa, akaketi juu yake akasema basi, daktari na akate mguu wenyewe. Karani, aliyekuwa kwenye kamba yake, alisema bila kugeuka, "Alinipima mara tatu huyu. Mpe ya tatu." Kocha akampa ya tatu, na Bi Futi akasimama.

Ilipotimia miezi mitatu alikuwa kwenye mawili. Daktari alibonyeza paja, akasema limeamka nusu, aendelee, arudi tena. Kuhusu cherehani hakutaja neno, na Bi Futi hakumkumbusha.

Wiki hiyohiyo shule moja ilimletea kazi ya mapazia ya ukumbi, kila moja refu kuliko chumba chake. Alijua ndio mtihani wenyewe. Asubuhi alifungua dirisha, akatia uzi, akakaa, akakanyaga. Urefu wa mkono mmoja ukapita. Wa pili ukapita. Akawa anasikiliza goti kama mtu anayengojea hodi, kisha pindo lilitaka kupinda, akashughulika na pindo, akasahau kusikiliza.

Baadaye wifi yake aliingia, uso umelowa jasho. Alichungulia nyuma ya pazia la kubadilishia nguo.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo fundi uliyemwajiri. Tangu nipande baiskeli mpaka nimeshuka, cherehani haijasimama. Karani anasema hiyo ni miguu ya kijana."

Bi Futi hakuinua macho. Alijua mchana goti lingemwambia basi, na angehamia mezani kukata. Lakini mchana ulikuwa bado.

"Shika huko mwisho, wifi. Kitambaa kinaburuta sakafuni."

Wifi akashika. Akaanza kurudi kinyumenyume na pazia mikononi, mpaka mlangoni, mpaka nje barazani, na mshono ukawa unamfuata.