Miaka 38 ya korosho yamfutia Thankamani alama za vidole

Saa mbili asubuhi king'ora cha kiwanda kinalia, na Thankamani hainuki. Amekaa kizingitini pa nyumba yake, viganja vimeelekea juu, vinang'aa mafuta ya nazi. Wenzake wanapita na vyombo vyao vya chakula, wanamtania.

"Bi harusi huyo! Mume umempata wapi?" mmoja anamrushia.

"Mume wangu serikali," anajibu bila kucheka. "Ananitaka mikono laini."

Leo ni siku ya tano hajagusa korosho. Kesho, Alhamisi, ndiyo mwisho wa uhakiki wa pensheni za wazee na wajane hapa pembezoni mwa mji wa Kollam, na asiyehakikiwa huhesabiwa kuwa amekufa. Kuhakikiwa ni kuweka kidole juu ya mashine, nayo ikutambue. Thankamani ana miaka 59. Miaka 38 kati ya hiyo amebangua korosho, na utomvu wa maganda umemla vidole mpaka vimekuwa vitupu kama mgongo wa kijiko.

Kila mbanguaji wa hapa anaijua dawa yake. Uhakiki ukikaribia unaacha kazi siku sita, unapaka mafuta asubuhi na jioni, unaisubiri ngozi irudi. Siku sita hizo hazina ujira, na kiwanda chenyewe mwaka huu kimefunguliwa miezi minne tu. Miezi mingine yote mchele na dawa ya presha vinatoka kwenye pensheni anayolipwa tangu mumewe, Sahadevan, afariki.

"Mwaka juzi nilipumzika siku nne, mashine ikanikataa mara saba ndipo ikanikubali," anasema. "Safari hii sichezi. Ukicheka na nyani utavuna mabua."

Adhuhuri alichoka kukaa peke yake, akaenda kupiga soga kwa jirani yake, Omana, anayebangua nyumbani kwa ujira wa mfanyabiashara mmoja wa mjini. Nilimfuata, tukamkuta Omana ameketi uani, gunia la korosho zilizokaangwa kushoto, sahani ya jivu la kukinga vidole na utomvu kulia. Nami nikaketi nao, daftari gotini.

Wakaanza na maji.

"Bomba wameleta, maji hawajaleta," alisema Omana.

"Lakini mita si wamefunga?"

"Mita inafanya kazi, dada. Mita haijawahi kuugua hata siku moja!"

Wakahamia barabara, iliyochimbwa ili bomba lipite kisha ikatelekezwa na mashimo yake. Kutoka hapo wakaingia hospitali ya serikali, unakopewa namba asubuhi na jioni unarudi nayo nyumbani. Kisha wakamfikia diwani, aliyekuja kuomba kura akanywa vikombe vitatu vya chai uani hapohapo.

"Alinishika mikono yote miwili, akaniita mama," alisema Thankamani. "Yeye alama za vidole hakuziulizia."

Tulicheka, ingawa hakuna aliyekuwa na furaha.

Huku kwetu kubangua na kulalamika ni kazi moja. Kiwandani wanawake hukaa chini safu kwa safu toka asubuhi, mkono unagonga, mdomo unasema, na anayenyamaza huulizwa kama anaumwa. Ningepaswa kulijua hilo. Mama yangu mzazi alikuwa mbanguaji. Lakini nilikuwa nimeinamia daftari langu, nafurahia maneno.

"Mama wee!" Omana alipiga ukelele. "Thankamani! Mikono!"

Mbele ya Thankamani palikuwa na rundo la punje nyeupe, thelathini au zaidi. Kigongo cha kubangulia, kile cha akiba cha Omana, kilikuwa mkononi mwake. Alikitazama, akakiweka chini polepole. Vidole vilikwisha kuwa vyeusi.

"Nani kanipa hiki?" aliuliza.

Hakuna aliyempa. Omana alimwosha kwa jivu, kwa ukwaju, kwa sabuni ya kufulia, huku akimgombeza na kulia. Mimi nilimwomba radhi. Niliona aibu kweli.

"Wewe ulikuwa kazini," aliniambia. "Mimi ndiye niliyekuwa likizo."

Alhamisi asubuhi ngozi ya vidole vyake ilikuwa inachubuka. Foleni ya kituo cha huduma ilikuwa imekwisha kufika barabarani. Mbele yetu alisimama Mzee Kunjukrishnan, mgema mstaafu wa miaka 81, akilaani kila kitu kuanzia jua.

"Kila mwaka wananiuliza kama nimekufa," alisema. "Kuna mwaka nitawajibu ndiyo, nipumzike!"

Mashine ilimtambua mara moja. Alitoka analalamika vilevile.

Ikafika zamu ya Thankamani. Sheeba, mwendeshaji wa kituo, alifuta kioo cha mashine kwa upindo wa mtandio wake.

"Gumba, mama. Tena. Usibonyeze sana. Haya, cha shahada."

Walijaribu vidole vyote kumi, wakarudia. Kila mara taa nyekundu.

"Mwanangu, si unanijua?" Thankamani alisema. "Umesoma na binti yangu. Umekula kwangu."

"Nakujua, mama. Hakuna mahali pa kuandika kwamba nakujua."

Mashine ya kumtambua mtu kwa macho je, niliuliza. Imepelekwa matengenezo tangu Aprili. Barua ya katibu wa kata? Inakubalika, lakini katibu amehamishwa na mpya hajaripoti. Siku zitaongezwa?

"Huwa wanaongeza," alisema Sheeba kwa sauti ya chini. "Ila mwaka huu sijasikia."

Thankamani alimshukuru. Ndiyo, alimshukuru. Nje akakaa kwenye ngazi, akafumba macho. Nilimuuliza atafanya nini.

"Jumatatu narudi kiwandani kabla hawajakifunga. Siku za kupumzisha mikono sina tena. Nitamsubiri huyo katibu." Akaliangalia daftari langu. "Gazeti lenu lina tarehe?"

"Lina."

"Kila ukurasa?"

"Kila ukurasa, mama."

"Basi nipige picha. Uso, na hivi vidole. Akija nitamwekea mezani. Wewe andika tu kwamba nipo, usipambe."

Basi na iandikwe. Alhamisi, saa tano na nusu asubuhi, nje ya kituo cha huduma, Thankamani, mjane wa Sahadevan, alikuwa hai. Mwandishi wa habari hii alimwona, akamshika mkono kumsaidia kuinuka, nao ulikuwa wa moto.