Sauti ya Bibi Juu ya Kabati

Mtaani yule fundi umeme aliitwa Bwana Nakala, na jina alijitafutia mwenyewe. Alichukua kompyuta kuukuu, akaipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, akaipandisha juu ya kabati la nguo na kuifanya seva ya nyumbani: picha, video, vyeti, vyote humo. Mgeni hajakaa vizuri, ameshahadithiwa.

"Na kila Ijumaa napeleka nakala kwa dada, kwenye diski iliyofungwa kwa neno la siri. Hata nyumba ikiungua, shemeji, mimi nalala usingizi."

Mkewe, mshonaji, alisikiliza mguu ukiwa kwenye cherehani. Ndani ya seva ile alikuwa na kitu kimoja tu cha kumuuma: video ya marehemu mama mkwe akimpakata mjukuu. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Miezi minane sasa anasikia sifa za nakala, hajaona hata moja ikifunguliwa. Na yeye gauni halimtoki mkononi kabla mteja hajalijaribu.

Basi Jumamosi asubuhi, mume yuko bafuni anaimba, aliizima seva, akaibeba kama mtoto aliyelala na kuifukia kwenye kapu la vitambaa.

"Mwenzangu, seva yako imeibiwa."

Mume akatoka na povu sikioni. Juu ya kabati palibaki mraba usio na vumbi. Akamtazama mkewe, anayetunga uzi kwa utulivu wa kutia shaka.

"Huyo mwizi namjua?"

"Hakuacha jina. Lakini wewe si unalala usingizi? Nataka mtoto amsikie bibi yake kabla ya chakula cha mchana."

"Nipe nusu saa, mwizi."

Alirudi na diski, na dada yake nyuma.

"Nimekuja kushuhudia," dada alisema. "Miezi minane nalitunza dude hili kwenye droo ya soksi, sijui hata nimetunza nini."

Fundi akaichomeka diski kwenye laptopu. Kikatokea kisanduku kinachodai neno la siri. Vidole vikaganda hewani.

"Andika basi, kaka."

"Ni refu. Herufi arobaini. Nimelihifadhi."

"Wapi?" mkewe akauliza.

Akajikuna shingo. "Kwenye seva."

Dada alijitupa kitandani akacheka mpaka machozi. Mshonaji hakucheka. Angekuwa mwizi wa kweli, sauti ile ingekuwa imefungwa salama hata wenyewe wasiifikie.

"Mke wangu, niambie iko humu ndani."

Akamalizia kwanza pindo zima, ndipo akalisukuma kapu kwa kidole cha mguu.

Seva ikawashwa. Fundi akanakili neno la siri kwenye karatasi mbili, dada akikagua herufi moja moja kama mwalimu wa zamu. Karatasi moja ikaingia mkobani mwa mkewe, nyingine ingepelekwa kwa kaka wa mshonaji, mbali na diski.

"Sasa izime tena," mkewe aliagiza. "Tumia karatasi."

Alikosea mara mbili. Mara ya tatu diski ikafunguka, na chumba kikajaa sauti ya bibi.

"Wewe, acha kunimulika na hiyo simu. Shika kichwa cha mtoto vizuri."

Mtoto akatambaa hadi nyuma ya laptopu kumtafuta.

"Sawa, mama," fundi akajibu, na wala hakuona haya.