Magauni ya Kijani

Pale kliniki walimwita Redio, kwa sababu nesi yule hakuwa na kitufe cha kuzima. Aliongea akichoma sindano, aliongea akiosha mikono, na mwanamke aliyeogopa kupimwa shingo ya kizazi alijikuta ameshapimwa kabla kisa cha kwanza hakijaisha. Aliwapima wauza mboga, walimu, hata mama mkwe wa daktari. Aliyemshinda ni mmoja tu, dada yake wa tumbo moja.

Dada mtu alikuwa fundi cherehani. Na kilichompandisha Redio presha ni hiki: yale magauni ya kijani wanayovaa wanawake wakipimwa, yenye kamba kiunoni, aliyashona yeye. Analeta furushi, analibwaga mezani, anauliza kama mishono imeshika, anaondoka zake. Amewavalisha wanawake wa mtaa mzima, yeye hajavaa hata moja! Ungemfanya nini mtu kama huyo?

Jumamosi moja Redio alimfuata kibandani kwake. Akamkuta ameinamia cherehani, sigara mdomoni.

"Dada, leo unakuja kupima."

"Nina kazi."

"Kazi haiishi! Uliolewa bado mtoto, ukazaa saba mfululizo, na hiyo sigara huitoi mdomoni. Yote hayo yanaongeza hatari. Kirusi chenyewe, kile cha kuambukizana kitandani, kinakaa mwilini miaka, kimya. Tunapaka siki tu kwenye shingo ya kizazi. Pakitokea doa jeupe, tunalitibu kabla halijawa saratani, unarudi nyumbani kwa miguu yako."

"Mimi nina mume mmoja tangu usichana. Hayo wapelekee wanaotangatanga."

Hapo uvumilivu ukamwisha Redio. Shemeji yake alikuwa dereva wa malori, na kila mji alipoegesha alikuwa na pa kulala. Redio alilijua hilo siku nyingi, akalimeza, akajifanya haoni.

"Wewe una mume mmoja. Na yeye je?"

Cherehani ikasimama.

"Kwani unadhani sijui?" fundi akasema bila kuinua macho. "Nikionekana kwenye lile gauni, watu wote watajua kwamba najua."

"Jamani, dada! Kirusi hiki karibu kila mtu hukutana nacho, hata waliotulia. Hakimtaji mtu jina. Wewe unaogopa midomo ya watu, mimi naogopa kukuzika!" Redio alikuwa anagomba huku machozi yanamtoka, na hilo nalo likamuudhi.

Fundi akaizima sigara. "Haya. Lakini unipime wewe mwenyewe. Mwingine asiniguse."

Wakiwa njiani akasema, kama anayezungumzia mvua, kwamba kuna damu inamtoka mara kwa mara, siyo ya mwezi, hasa baada ya kuwa na mumewe. Uzee tu, akasema. Redio alisimama katikati ya barabara, akashika kichwa, kisha akaanza kufoka upya. Damu! Tangu lini? Na kliniki analeta magauni anaondoka! Alifoka hadi mlangoni, akafoka akitandika kitanda, akafoka akivaa glavu.

Fundi alitoka nyuma ya pazia amevaa gauni la kijani, anavuta kamba kiunoni. "Hizi nilizikata fupi," akasema. "Furushi lijalo nitaziongeza."

"Lala hapo! Kamba ndiyo inayokushughulisha sasa hivi? Ningekuwa mama ningekuchapa. Legeza miguu. Legeza, dada, nimesema..."

Redio akaingiza kifaa, akasogeza taa, akainama kutazama.

Siki ilikuwa tayari kwenye bakuli, pamba pembeni yake bado kavu. Hakuichovya. Alichokiona hakikuhitaji siki, wala hakikuwa doa.

Juu ya kitanda fundi alisubiri. Akasubiri tena. Kisha akainua kichwa.

"Mdogo wangu," akasema, "mbona hunigombezi?"