Nilimpa Kifo Sura ya Mtani Wangu

Mkosaji ni mimi. Nalisema mapema ili usije ukafika katikati ya habari hii ukaanza kuwatafutia wengine lawama, maana hata mimi nimewatafuta miaka mingi na sijawapata. Jina langu naomba nibaki nalo. Nina wajukuu, na hao bado wananiona mtu wa maana.

Kwetu ni milimani, upande wa Mgeta, lakini nimezeekea hapa mjini Morogoro, mtaa wa Mwembesongo. Ujana wangu niliumalizia kiwandani, kwenye kitengo cha kupiga chapa vitambaa. Kitenge alichovaa mama yako miaka ile, huenda maua yake niliyachonga mimi.

Meza ya pili alikuwepo mwanamke wa Kinyamwezi kutoka Tabora, ambaye hapa nitamwita Mama Nyamizi. Mimi Mluguru, yeye Mnyamwezi, na mambo ya watani unayajua. Hatukuwahi kuamkiana vizuri hata siku moja. Akiniona asubuhi ananiambia, "Bado hujafa tu?" Mimi namjibu, "Nife nani akuzike wewe, na ndugu zako wote wamekukimbia?" Basi hapo siku imeanza.

Nilipolazwa hospitali, yeye ndiye aliyelala chini sakafuni kunihudumia, huku akiwaambia wagonjwa wenzangu kwamba yupo pale kulinda kanga zangu atakazorithi nikifa. Ndugu zangu wa tumbo moja walikuja, wakanipa pole, wakaondoka.

Zikaja enzi za ruksa. Maduka yakajaa sabuni na redio, mitumba ikamwagwa chini kwa mafungu, na sisi tukaambiwa kiwanda kinauzwa. Tukapunguzwa wote wawili siku moja. Mama Nyamizi hakukaa kulia. Alinunua sufuria, akaanza kuuza uji na vitumbua kando ya njia, mbele ya nyumba aliyopanga chumba yeye na binti yake Nyamizi. Mimi nikaenda kufua nguo za watu Kilakala.

Siku moja nilimnunulia mama yangu koti la mtumba, maana kule juu baridi haina huruma. Kwenye mfuko wa ndani nikakuta karata. Hazikuwa hizi za kopa na shupaza. Zilikuwa na picha za ajabu: mwezi, mnara unaopigwa radi, mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja. Nyingi hazikuwepo. Nikampelekea dada mmoja wa Kizungu niliyekuwa namfulia, mwalimu wa kujitolea. Akacheka, akasema kwao watu huzipigia ramli. Akanieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, hata zile zilizokosekana. Ile ya Kifo aliisisitiza sana.

"Kifo si kufa," alisema. "Kifo ni mageuzi."

Nami mkono ulikuwa unaniwasha. Tangu nitoke kiwandani sikuwa nimegusa wino. Nikasema moyoni, kwa nini nisizitengeneze zangu, zenye vitu ambavyo watu wa hapa wanavijua? Nikapigilia fremu ya mbao, nikatandika juu yake kitambaa chembamba cha pazia, nikakivuta mpaka kikakaza. Picha niliichonga kwa wembe kwenye karatasi ngumu, nikaibandika chini ya kitambaa, nikamwaga wino juu na kuukokota kwa soli ya ndala. Wino unapita palipotobolewa tu, picha inabaki kwenye karatasi ya manila. Zikikauka nazipaka nta ya mshumaa ziteleze mkononi.

Mnara nikaufanya bomba la kiwanda lenye ufa. Hiyo sikuhitaji kumfafanulia mtu. Mwezi nikautundika juu ya Uluguru. Malkia wa kwanza aliharibika, maana niliibandika karatasi upande usio wake, akatoka anagawa sadaka kwa mkono wa kushoto. Mama Nyamizi alimwangalia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Malkia gani huyu hana adabu? Ah, bila shaka ni Mluguru."

Hapo ndipo nilipomjibu neno ambalo kama ningeweza kulirudisha kinywani ningelitafuna. Nilimwambia, "Ngoja sasa. Kifo nitakichora wewe."

Kwa watu wengine hilo ni tusi. Kwa mtani ni zawadi. Alifurahi kama anapelekwa studio kupigwa picha. Alijifunga kanga, akasimama mlangoni kwangu, upawa wa uji mkononi, jicho amelitoa. Nilichora mwanya wake. Alikuwa na kovu shavuni, mafuta ya vitumbua yalimrukia, nami nililiacha kwa heshima. Akakataa.

"Weka na kovu langu, mtani. Watu wasije wakaniibia sura."

Nikaliweka. Kifo changu kikawa mama mwenye kovu, anakukaribisha uji. Ilikuwa karata nzuri kuliko zote, na ninaumia kusema hivyo, lakini ni kweli.

Watu wakaanza kuja. Miaka ile kila mtu alitaka kujua kesho yake. Waliopunguzwa kazi, wanawake ambao waume zao walikwenda machimboni wakanyamaza, wafanyabiashara waliokopa. Wa kwanza aliniuliza karata nimezitoa wapi, nami nikajua nikimwambia nimezikokota kwa ndala uani atainuka aondoke. Nani alitaka cha hapa siku zile? Hata kiberiti watu waliulizia cha nje.

"Zimetoka nje," nikasema.

"Nje wapi?"

"Nje, baba. Changa karata."

Mama Nyamizi alikuwa amekaa hapo hapo kwenye mkeka anachagua mchele. Aliinama kuficha kicheko. Uongo ule tuliula wote wawili, lakini ulikuwa wangu.

Kisha fundi cherehani mmoja akaokota Kifo. Nikamwambia si kufa, ni mageuzi. Haukupita muda mrefu mkewe akafariki. Jamani, miaka ile watu walikuwa wanakufa sana, kwa ugonjwa ambao hatukuthubutu kuutaja, na yule mama alikuwa mgonjwa tangu zamani. Haikuhitaji karata. Lakini msibani Mama Nyamizi alipeleka sufuria ya uji kuwasaidia wafiwa, kama alivyofanya kwenye kila msiba wa mtaa. Akaanza kugawa. Dada wa fundi, ambaye siku ile ya ramli alikuwepo, akapokea kikombe, akamwangalia kovu, akamwangalia mwanya, akauangalia upawa. Kikombe akakiweka chini.

Neno likatembea. Kwanza wateja wa asubuhi wakapungua. Mama Nyamizi akaja kunisimulia anacheka, "Mtani, nimekuwa maarufu, wakiniona wanavuka ng'ambo ya barabara." Tukacheka wote. Baadaye akaja akisema Nyamizi amerudi kutoka shuleni analia, wenzake wanamwita mtoto wa Kifo. Hapo hatukucheka.

"Waambie tu, mtani," akasema. "Waambie ulinichora kwa utani. Waluguru wenzio wataelewa."

"Nitawaambia," nikasema.

Sikuwaambia. Kila mteja aliyeingia niliona huyu siye, nitamwambia wa kesho. Nikisema nilimchora mimi, basi karata si za nje, na kama si za nje, mimi ni mwongo anayechezea vilio vya watu. Nilikuwa nimeacha kufua. Watu walionipita njiani bila salamu sasa walikuwa wananiamkia shikamoo. Nilikuwa nimeipenda shikamoo ile.

Alasiri moja chumba changu kimejaa watu, nikasikia mtu anapiga hodi. Sauti ni ya Mama Nyamizi. Nilishangaa, kwa sababu kwangu hakuwahi kupiga hodi. Aliingia hana kanga begani, uso umemkauka. Mwenye nyumba wake alikuwa amemwambia atafute pa kuhamia. Watu wakasogea, wakamwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji.

Hakunitukana. Aliiokota karata mwenyewe kwenye mkeka, akaiinua wote waione.

"Huyu ni mimi," akasema. "Sibishi. Sasa mwambieni mwenye karata aseme nani kanichora."

Wakanigeukia. Nami nakumbuka kila kitu: wino ulikuwa bado uko kwenye kucha zangu. Nikaikunja mikono ndani ya kanga, nikasema:

"Mimi sijui. Zilikuja hivyo hivyo kutoka nje."

Ndugu yangu unayesoma, nadhani umeshaona nilichokifanya. Mimi wakati ule sikukiona. Nilidhani nimekwepa tu swali. Kumbe kama ningesema nimemchora mimi, yangeisha pale pale, wangenizomea tukaenda nyumbani. Lakini mtu wa nje, asiyeijua Mwembesongo, atajuaje kovu la mama muuza uji? Nilipokana, nikawapa ushahidi. Nikaona watu wanaitazama karata, wanamtazama yeye, na bibi mmoja akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini.

Mama Nyamizi alinitazama. Nilingoja anitukane. Ningempigia magoti kama angenitukana. Aliiweka karata mkekani taratibu, akatoka.

Hakuna aliyempiga wala kumchomea kitu, namshukuru Mungu kwa hilo. Walimwacha tu. Uji wake ulikuwa unachacha kwenye sufuria. Akauza kitanda, akauza na sufuria yenyewe, akamchukua Nyamizi wakarudi Tabora kwa treni. Sikwenda stesheni kumsindikiza. Niliisikia treni ikipiga honi nami niko uani, nachanganya wino.

Na biashara, nisikufiche, ilistawi. Walikuja hata watu wa Kilosa. Niliwahi kujaribu kujisafisha kijanja, nikachapa Kifo kingine, fuvu na mifupa. Wateja wakakikataa. "Hii si yenyewe," walisema, "yule mama yuko wapi?" Nikamrudisha. Mtu ameshahama mji, ameacha kila kitu, na mimi bado namkokotea wino.

Nilikuja kuacha siku karatasi ya Kifo ilipochakaa ikanilazimu niichonge upya. Nikakaa na wembe nikitafuta sura yake kichwani. Kovu nililipata, mwanya nikaupata. Lakini kila nilipochonga alitoka ana uso wa ile alasiri. Nilijaribu kumkumbuka alivyokuwa akicheka, sikuweza. Nililia pale uani kama mfiwa. Fremu nikaivunja, nikaipikia.

Ilinichukua muda kupata ujasiri wa kwenda Tabora. Nilipofika nilielekezwa nyumba nzuri ya matofali. Nyamizi amekua, ameolewa, amemjengea mama yake. Mama Nyamizi alikuwa uani. Aliponiona alisimama, akajifuta mikono.

"Karibu, dada," akasema. "Habari za Morogoro?"

Akanipa kiti, yeye akakaa kwenye mkeka. Akaniletea maji ya kunawa, akachinja kuku. Nikamwambia yote, uongo wa nje, wino kwenye kucha, fuvu, kila kitu, nikilia. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Yamepita, dada," akasema. "Nimeshasamehe zamani. Kula, chakula kinapoa."

Nikajaribu. Mungu ananiona, nilijaribu. Nikafuta machozi, nikamwambia, "Wewe Mnyamwezi, kuku mwenyewe mgumu namna hii, umemwiba kwa nani?"

Nyamizi alicheka kidogo. Mama yake hakucheka. Alinyoosha mkono akanichagulia paja lililo laini, akaniwekea kwenye sahani.

"Utusamehe, dada," akasema. "Tungejua unakuja tungeandaa vizuri zaidi."

Asubuhi alinibebea mfuko wangu mpaka barabarani, akanitakia safari njema, akaniambia niwasalimie wote nyumbani. Hakukosea hata neno moja la adabu. Nimeishi na ndugu, nimeishi na mume, sijawahi kuheshimiwa hivyo na mtu yeyote, na njia nzima mpaka Morogoro nilijifunika kanga usoni.

Sijaandika haya ili mnionee huruma. Nimeandika kwa ajili yako wewe ambaye sasa hivi una mtu anayekutania, anayekusema vibaya mbele za watu na kukuuguza wakiondoka. Ukimfanyia mzaha, ukamchora, ukamsema, ukampachika jina, basi jambo hilo liwe lako. Siku atakapokuja na uso mkavu akuombe useme mbele za watu kwamba lilikuwa lako, sema siku hiyo hiyo, hata kama utaumbuka. Usidhani ukinyamaza atakuchukia. Chuki ingekuwa nafuu. Atakusamehe, atakupa kiti na maji ya kunawa, na hatakutukana tena maisha yako yote.