Gazeti la kufungia bhajia lilitupeleka harusini bila mwaliko, na bado najivunia

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa pwani na wa bara. Haya yamenitokea mimi mwenyewe na sijayatia chumvi. Chumvi naitia kwenye bhajia tu.

Nauza bhajia na viazi karai Kisumu Ndogo, hapa Malindi. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo mkiona nimeteleza mahali nirekebisheni polepole. Nina moyo mwepesi.

Nina ndoto moja. Siku moja nifungue maktaba ya watoto, yenye mikeka na feni, na asiwepo mtu wa kuwanyamazisha wakicheka. Mama yangu husema naota mchana. Nami humwambia, mama, usiku nimechoka, nitaota saa ngapi?

Sasa, kibanda cha bhajia kinakula magazeti kama moto. Nanunua yale ya zamani kwa kilo, nakata vipande, nafungia chakula. Watoto wakitoka shule hupita kwangu, wanakula, wanatupa karatasi, wanaenda.

Isipokuwa Kadzo.

Kadzo alikuwa gredi ya sita. Akimaliza bhajia, hakutupa ile karatasi. Aliinyoosha juu ya goti akaisoma, mafuta na yote. Siku moja akaniuliza, "Dada Riziki, Lodwar ni wapi? Hapa wanasema kuna joto kuliko kwetu."

Wakuu, nilijua Lodwar iko juu huko. Juu wapi, sikuwa na hakika. Nikachukua kaa la jiko, nikachora ramani ya Kenya kwenye ukuta wa nyuma wa kibanda. Ilitoka kama nazi iliyokanyagwa na lori. Lakini tulianzia hapo.

Ikawa kila jioni nawawekea kurasa safi pembeni. Mtoto anachagua ukurasa, anatafuta jina la mahali, anakuja kuliweka kwenye ukuta. Kulikuwa na mdogo mmoja, babake ni mgema huko Kaloleni, na harudi nyumbani mara kwa mara. Mtoto alikuwa anaamini Kaloleni iko mbali kupita Lodwar. Tulipoweka nukta mbili, Malindi na Kaloleni, akaweka kiganja chake, kikafunika zote mbili.

Halafu akasema, "Kumbe ni karibu."

Nilijifanya moshi umeniingia machoni.

Uraia tuliusomea kwenye picha za watu wakikata utepe. Huyu ni nani? Gavana. Na huyu? Mbunge. Na huyu anayechungulia nyuma? Mwakilishi wadi. Kazi ya kila mmoja ni ipi? Hapo walibishana mpaka wateja wakaja kuamua. Mmoja alishikilia kwamba gavana ndiye baba wa mbunge.

Historia nayo, msicheke, tuliisomea kwenye matangazo ya vifo. "Bibi huyu alizaliwa mwaka fulani." Haya, mwaka huo nchi ilikuwa mikononi mwa nani? Alikuwa na umri gani uhuru ulipopatikana? Watoto walikuwa wanamwombea marehemu kwanza, ndipo wanapiga hesabu. Adabu ya pwani hiyo.

Sasa mjue tatizo liko wapi.

Kadzo analelewa na bibi yake mzaa baba. Nyumbani ni Wagiriama, kwa hivyo anamwita Hawe, na mtaa mzima tukaishia kumwita hivyo hivyo. Hawe anashona makuti ya kuezekea, anauza. Kazi hiyo inataka mikono, na mikono ya pili ni ya Kadzo. Kila jioni aliyokuwa kwangu ni makuti ambayo hayakushonwa.

Hawe alikuja kibandani kunitazama hivi, kutoka kichwani hadi kwenye ndala.

"Shikamoo Hawe."

"Marahaba. Mwanangu, hayo magazeti ya kufungia bhajia yanawafunza nini?"

"Mambo ya kale, Hawe. Na ya serikali."

"Ya kale hayajazi sufuria. Nampa huyu mtoto likizo hii ya Desemba. Nikiona faida, ataendelea. Nisipoiona, jioni zake ni zangu."

Kadzo alikuwa amesimama pale akisikia. Niliona anaikunja karatasi yake ndogo, ndogo, ndogo.

Basi likizo ikaanza, na Kadzo akawa anasoma kama anayekimbizwa. Na kweli, akapata kitu. Tangazo kubwa la kaunti: wananchi wanaitwa kwenye ushirikishaji wa umma, yaani watu waende kusema wanataka bajeti ifanye nini kwao. Wadi yetu imo. Ukumbi tunaujua. Alhamisi, saa tatu asubuhi. Tarehe iliandikwa ya "mwezi huu" tu; aliitazama kwenye kalenda ya duka, ikaangukia Alhamisi inayokuja sawasawa.

"Dada, tuwaambie wamama! Kuhusu njia!"

Njia ndiyo kilio cha mtaa. Mvua ikinyesha, ile njia ya kwenda shule inakuwa mto. Watoto wanavua viatu, wanavibeba kichwani. Na maji yakizidi yanakula ukuta wa udongo wa nyumba ya Hawe.

Tulipita nyumba kwa nyumba. Mama Mutua, jirani yangu kutoka Ukambani, mwenye mdomo usiolala, ndiye aliyekusanya wenzake. Hawe mwenyewe akakubali. Akavaa leso mpya, akajitia mafuta, akatangulia mbele ya msafara.

Kufika ukumbini, tunakuta maua mlangoni. Mazulia. Wamama wengi uani, masufuria makubwa.

Mama Mutua akasema, "Kaunti safari hii imejipanga. Hadi pilau!"

Mama mmoja wa pale akatulaki kwa furaha, "Karibuni, karibuni jamani, mmetuokoa! Visu viko kule."

Sisi tukadhani ndio utaratibu. Tukakaa, tukamenya vitunguu. Mama Mutua alikuwa ameshamaliza karai zima ndipo akauliza, "Msimamizi wa wadi anakuja saa ngapi?"

Yule mama akamtazama. "Msimamizi wa wadi ni jamaa wa bwana harusi?"

Wakuu.

Mtunza ukumbi aliitwa. Akalisoma tangazo letu, akaligeuza, akatabasamu kwa huruma. "Dada zangu, kikao hiki kilikuwa mwaka jana. Nilipanga viti mimi mwenyewe."

Na sababu ilikuwa kisu changu. Ule ukanda wa juu wa gazeti una wino mwingi, unachafua bhajia. Kwa hivyo mimi, kabla ya lolote, hulaza rundo zima na kukata vichwa vyote kwa mkupuo. Jina la gazeti, mwezi, mwaka, vyote vinakwenda kuwashia jiko. Nilijua ni ya zamani, lakini nilidhani zamani ni wiki iliyopita. Watoto wangu walikuwa wanasoma dunia isiyo na tarehe, na hakuna aliyegundua, mwalimu akiwa wa kwanza.

Wenye harusi walikuwa watu wema. Walicheka hadi wakatoa machozi, wakatupa chai na mahamri. Lakini njiani kurudi, vicheko vilikuwa vya aina nyingine.

"Riziki, kesho watuita wapi? Matanga?" Mama Mutua huyo. "Mwaka ujao nitakuja na mwiko wangu kabisa."

Hawe hakucheka wala hakugomba. Alisema tu, "Kadzo, kesho makuti." Kadzo akaitikia, "Ndiyo, Hawe."

Sikulala vizuri. Niliona nimemharibia mtoto kitu pekee alichokiomba. Ule ukuta wenye ramani nikautundikia turubai, sikutaka kuuona.

Baada ya siku chache Kadzo akaja mbio, mikono imejaa mikwaruzo ya makuti, katumwa chumvi. Akaniambia haraka haraka:

"Dada, kama mwaka jana kilikuwepo, mwaka huu kwani wameghairi?"

Nikabaki na mwiko hewani. Sisi sote tulilia kwamba kikao kimepita. Hakuna aliyeuliza kingine ni lini.

Akatoa lile tangazo, kumbe alilihifadhi. Akaligeuza. Nyuma kulikuwa na picha ya wanafunzi wamebebwa juu juu, wanashangilia matokeo ya mtihani wa sekondari. "Matokeo hutoka mwaka ukianza," akasema. "Sasa ni Desemba. Basi cha mwaka huu nacho kimetupita, lakini kingine hakijafika. Kiko mbele."

Jamani, huyo ni mtoto wa gredi ya sita, katumwa chumvi.

Kinyozi aliye jirani nami hununua gazeti kila asubuhi. Nikamwomba nilipitie akishalimaliza, nami nimpe bhajia za moto. Mwaka ukaingia, matokeo yakatoka, picha za kushangilia zikajaa. Mimi na matangazo, matangazo na mimi. Nikatazama kila ukurasa kuanzia juu, tarehe kwanza.

Na likatokea. Tarehe nzima, mwezi na mwaka. Safari hii sikuliamini hata gazeti. Nilimpigia simu mtunza ukumbi. Akacheka, akasema, "Ni kweli, na hakuna harusi."

Nikampelekea Kadzo habari, naye akaenda kwa Hawe. Nilisimama mlangoni, nikasikia yote.

"Hawe, kikao kipo. Dada amethibitisha."

"Nishamenya vitunguu vya watu, inanitosha."

"Nitaamka alfajiri nishone. Makuti yako yote yatakuwa tayari kabla hatujaondoka."

Hawe akasema, "Mimi sikusoma. Nitasema nini mbele ya wakubwa?"

Hapo nikaelewa. Kumbe si vitunguu. Alikuwa anaogopa.

Kadzo akamwambia, "Tangazo linasema mwananchi yeyote. Halikusema aliyesoma."

Hawe akamwambia alisome tena hapo. Akalisoma. Akamwambia tena. Akalisoma mara ya pili, polepole, kidole kwenye mstari.

"Haya," Hawe akasema. "Lakini nikikuta maua mlangoni, hayo magazeti ndiyo mwisho. Umesikia?"

Siku yenyewe shule zilikuwa kwenye mapumziko ya katikati ya muhula, kwa hivyo Kadzo alikuja. Wamama walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza. Mama Mutua alikuja, anasema amekuja kushuhudia tu, asipitwe na kituko.

Mlangoni hakukuwa na ua hata moja. Nilimshukuru Mungu kwa ukame ule.

Ndani kulikuwa na viti, meza, na msimamizi wa wadi na wenzake. Wakaeleza. Kisha wakauliza, nani ana maoni?

Mnajua ukumbi ukiulizwa hivyo, kila mtu anatazama viatu vyake. Mimi mwenyewe, mwenye maneno mengi hapa jukwaani, nikaanza kuhesabu feni.

Hawe akasimama. Akamshika Kadzo mkono, akamsimamisha naye.

"Hamjambo. Mimi nashona makuti. Mara ya mwisho kuja humu nilipewa kisu nimenye vitunguu."

Ukumbi ukaangua kicheko, na mtunza ukumbi zaidi ya wote. Na kicheko kile kikamfungua. Akasema kuhusu njia. Akasema watoto hubeba viatu kichwani kama wanavuka bahari. Akasema maji yanakula ukuta wake kila masika naye anaukandika upya, na udongo anaukandika kwa mikono ileile ya kumtafutia mjukuu wake daftari. Akaomba mtaro. Akakaa.

Msimamizi wa wadi akaandika. Kisha akauliza kwa upole, "Mama, wengi hawakujua kuhusu kikao hiki. Wewe umejuaje?"

Hawe akasimama tena, safari hii bila kuombwa, akajifunga leso upya.

"Mjukuu wangu hunisomea gazeti."

Wakuu, nimeshawahi kusifiwa kwa bhajia zangu na watalii. Haijafikia hapo. Nilimtazama Kadzo, ameinamisha kichwa, masikio yanacheka peke yake. Na Mama Mutua, aliyekuja kushuhudia, akanyoosha mkono akaongea kwa muda mrefu mpaka akaombwa awaachie wengine.

Sitawadanganya, mtaro bado haujachimbwa. Tunasubiri, na tunasoma, maana tukishajua njia ya kwenda kuuliza hatuisahau.

Lakini kesho yake jioni nilikuwa namenya viazi, namwona Hawe anakuja, kabeba mzigo wa makuti kichwani, Kadzo nyuma na mzigo mwingine. Akautua kando ya kibanda changu, akakaa kwenye kigoda, akatoa uzi wake.

"Mikono haina macho," akaniambia. "Yeye asome, mimi nishone, na akimaliza ukurasa anisaidie. Haya, nani leo kafa, tumwombee."

Hapo ndipo darasa letu lilipo mpaka sasa. Siku nyingine watoto wanasoma huku wote wanashona. Hawe anawaeleza uhuru ulipokuja yeye alikuwa na umri gani na walikula nini siku hiyo, na ramani yangu ya nazi iliyokanyagwa imeongezwa miji mpaka haina nafasi.

Nililojifunza ni hili. Mtoto ukimpa gazeti, usimpe ajue tu kilichotokea. Mpe aulize lini, wapi, na sisi tumo? Akishauliza hilo la tatu, umepata raia. Na sisi watu wazima tuache kuogopa vyumba vyenye meza. Vimeandikwa mwananchi yeyote.

Haya, uwanja ni wenu. Walimu mliomo humu, nikosoeni: mtoto wa gredi ya tatu nimwanzishie ukurasa gani? Na nyinyi wenye bibi nyumbani, mmewahi kumsomea gazeti? Alisema nini? Niandikieni. Nikishaepua karai nitakaa niwajibu mmoja mmoja.